Namna ya Kuirudishia Celica Pua Yake Ukiwa Turiani

Toyota Celica ilishinda Safari Rally mara 8 kati ya 1984 na 1995, lakini sifa hizo hazizuii tela la miwa lililoharibika gizani bila taa. Yako imelivaa. Pole sana. Bampa limepasuka, boneti imekunjamana, rejeta inavuja, na washauri wameshajaa, kila mmoja na nyundo yake. Wape viti wakae, kisha fuata hatua hizi.

1. Piga picha kabla ya kugusa. Bima huamini picha kuliko masimulizi ya kijiweni. Halafu chomoa waya hasi wa betri na usubiri dakika mbili. Mfuko wa hewa ukikufyatukia, wewe ndiye utakayehitaji pua mpya.

2. Uache mwembe upumzike. Utaambiwa ufunge mnyororo kwenye mti, gari livutwe kinyumenyume mpaka "lionekane" limenyooka. Kazi ya mwembe ni embe. Celica haina chasisi ya pekee kama lori. Bodi yake ndiyo chasisi, na ukivuta upande huu, wa pili nao unahama. Chukua futi, pima kutoka bolti ya juu ya shokapu ya kulia hadi kona ya mbele kushoto, kisha pima ulalo wa pili. Vipimo vikipishana, gari liende kwa fundi mwenye mashine ya kunyooshea bodi.

3. Soma kibati cha gari kabla ya kutuma pesa ya vipuri Ilala. Celica za 1999 hadi 2006 zipo za modeli mbili, ZZT230 na ZZT231, na mwaka 2002 sura ya mbele ilibadilishwa. Bampa la kabla na la baada ni ndugu wasioelewana. Taa nazo zikague: zilizotoka kwenye gari la usukani wa kushoto, kama yale ya Dubai, hutupa mwanga upande wa anayekuja. Ukizifunga, tela la pili utaligonga kwa kulipofusha wewe mwenyewe.

4. Katani ni zao la heshima Morogoro, ila halifungi bampa. Nunua klipu na skrubu zake. Nyuma ya bampa rudisha na kile chuma kinachopokea kishindo. Bila hicho umevaa pambo.

5. Maji ya milima ya Nguru ni matamu, yanywe. Rejeta inataka kulanti. Jaza, washa injini ikiwa ya baridi na kifuniko wazi, hewa itoke mpaka feni ijiwashe, kisha ongeza na ufunge.

6. Rangi iwe ya mwisho kabisa. Kwanza boneti ijifunge kwa komeo lake, mianya ya kulia na kushoto ilingane. Puti haijawahi kunyoosha chuma. Hukificha tu mpaka siku ya ajali inayofuata.

Fundi akisema "itajiseti yenyewe barabarani", bakiza malipo. Endesha hadi Magole, takribani kilomita 50, urudi. Usukani ukinyooka bila kulazimishwa na mshale wa joto ukitulia, mlipe yote na umshukuru. Gari likivuta upande, lirudishe gereji siku hiyo hiyo, hata kama rangi yake inawaka: watu wako wanapanda gari hilo, hawapandi rangi.