Njia ya Mkato kwa Bosi Bahili

Karibu, bosi. Vuta kiti, funga na mlango. Najua hupendi kutoa hela, hupendi mkaguzi, na unapenda sana watu wakikusifia. Wenye karakana wengi niliowajua wako hivyohivyo, na sijaja kukubadilisha. Nataka tutumie tabia zako hizo tatu kama zilivyo. Nitakuonyesha namna ya kukwepa gharama, kukwepa faini na kupata jina mjini. Njia yake ni moja tu: wafundishe watu wako kufanya kazi bila kuumia.

Hatua ya kwanza: usinunue kitu

Bosi akisikia neno usalama, anaona rundo la helmeti na mabuti, mkono unakimbilia pochi kuilinda. Hayo yaache kwa leo. Nenda kwenye benchi la vyuma, chukua diski ya kukatia, uisome. Inasomeka. Kwenye karatasi yake kuna idadi ya mizunguko kwa dakika ambayo haitakiwi kuzidi. Diski ya milimita 230 kwa kawaida huandikwa 6,600. Kwenye pete ya chuma ya katikati pamepigwa tarehe ya mwisho ya matumizi, maana gundi inayoishika diski nayo huzeeka.

Sasa geuza ile grenda ndogo ya milimita 115, usome kibati chake. Nyingi huzunguka kama mara 11,000 kwa dakika. Tundu la katikati la diski hizo mbili ni lilelile, kwa hiyo mafundi hung'oa kava, wakafunga diski kubwa kwenye grenda ndogo. Inakata ndani zaidi, na ile iliyolika kwenye grenda kubwa haitupwi. Mimi mwenyewe zamani niliona ni ujanja. Lakini ukingo wa diski ile umetengenezwa uende mita 80 kwa sekunde, sawa na kilomita 288 kwa saa. Ukifunga diski nzima kwenye grenda ndogo, unafika kama mita 130 kwa sekunde, na kava lililokuwa lizuie vipande umeliweka kabatini.

Waite vijana, soma namba zote mbili mbele yao, waambie namba ya diski isiwe ndogo kuliko ya grenda. Dakika tano. Umeshatoa somo la kwanza, na pochi haijafunguka.

Hatua ya pili: kuwa bahili kwelikweli

Shida yangu na mabahili wengi ni kwamba hawahesabu mpaka mwisho. Niliwahi kusimamia karakana ya milango na mageti. Fundi wetu bora alikuwa na miaka kumi kwenye kazi. Diski kubwa ilipasuka kwenye grenda ndogo, kipande kikamwingia jicho la kulia. Miwani ya kinga ilikuwa ukutani kwenye msumari, na utando wa buibui umeshaunganisha mikono yake. Hakuna aliyekuwa amemwambia kwa nini aivae. Nilikuwa na nafasi ya kumwambia kila asubuhi kwa miaka miwili.

Kwa bosi wetu, hesabu ilikwenda hivi. Wawili walimpeleka hospitali, wakashinda huko. Waliobaki hawakugusa mashine siku hiyo, na kesho yake walizigusa kwa woga. Tenda ya mageti ikachelewa, mteja akakata malipo. Tukatafuta fundi mwingine, akaharibu chuma kwa wiki tatu kabla mkono haujazoea. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ule unaouchangia kila mwezi, kazi yake ni kugharamia matibabu na kumlipa fidia aliyeumia. Haukulipi wewe tenda iliyochelewa, wala haukurudishii mkono wa fundi wa miaka kumi. Na yeye hakuna anayemrudishia jicho.

Kwa hiyo ukitaka kubana matumizi, bana hapo. Dakika kumi za mafunzo kila Jumatatu ni bei ndogo kuliko zote nilizotaja.

Hatua ya tatu: mmalize mkaguzi mapema

Nawajua wanaokesha kabla ya ukaguzi. Wanaazima helmeti kwa jirani, wanapaka rangi nyekundu kwenye ndoo ya mchanga, wanawatuma vibarua nyumbani. Kazi kubwa bure. Mkaguzi wa OSHA, wakala wa usalama na afya mahali pa kazi hapa Tanzania, akishakusalimia wewe, anaweza kumgeukia kijana wa pembeni amuulize swali moja rahisi: kwa nini regyuleta ya mtungi wa oksijeni wa kuchomelea haipakwi grisi? Kijana akiduwaa, helmeti zote za kuazima zimekwisha kazi.

Njia ya mkato ni kijana anayejua kujibu. Aseme kwamba grisi ikikutana na oksijeni yenye msukumo mkubwa inaweza kuwaka yenyewe, bila kiberiti. Aseme pia kwamba mtungi wa asetilini husimamishwa wima na kufungwa mnyororo. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi, Na. 5 ya mwaka 2003, inakudai uwape wafanyakazi mafunzo, na ushahidi mzuri kuliko wote ni mdomo wao wenyewe. Kama una tawi Kenya, sheria ya huko ya 2007 inataka kamati ya usalama pale penye wafanyakazi 20 au zaidi. Anza nayo hata ukiwa na wanane.

Hatua ya nne: usifundishe wewe

Wewe una simu za kupokea. Mpe kazi hiyo fundi mkongwe, yule ambaye vijana humwamkia shikamoo kabla yako. Naye anapenda kusikilizwa kama wewe unavyopenda kusifiwa. Jumatatu hii aonyeshe ngazi: kwa kila mita nne za kwenda juu, miguu ya ngazi isogee mita moja kutoka ukutani. Jumatatu ijayo aeleze kwa nini glavu hazivaliwi kwenye mashine ya kutoboa, maana kitambaa kikinaswa kinavuta mkono mzima.

Usimwache nje kibarua wa siku moja. Mgeni ndiye anayeumia upesi, kwa sababu hajui kitu kipi kinauma na anaona aibu kuuliza.

Hapa sasa fungua pochi kidogo. Peleka wawili wakajifunze huduma ya kwanza. Msalaba Mwekundu hufundisha. Wengine wajifunze kuzima moto kwa kuushika mtungi wenyewe na kuutumia.

Hatua ya tano: chukua sifa

Mwaka 1987 Paul O'Neill alishika uongozi wa Alcoa, kampuni ya aluminiamu ya Marekani. Wawekezaji walikuja kusikia habari za faida, yeye akaanza na usalama wa wafanyakazi. Wapo waliodhani kampuni imepata kichaa. Alipoondoka, ajali zilikuwa zimepungua sana, faida imepanda mara kadhaa, na mwaka 2001 akawa Waziri wa Fedha wa Marekani. Uwaziri sikuahidi. Lakini mafundi huongea, na wazuri huhamia pale wanapojua watarudi nyumbani na vidole vyote. Wateja wakubwa nao huuliza kabla ya kukupa tenda.

Jumatatu, basi, saa moja na nusu asubuhi, kabla swichi haijawashwa. Waite wote. Kama miwani yenu nayo iko msumarini, itoe, ifute utando. Mpe kijana mgeni kuliko wote diski na grenda, mwambie asome namba zote mbili kwa sauti. Akikosea, asome tena. Wewe simama pembeni usikilize, na simu uizime.