Kasida ya Skrini Nyeusi

Katika taaluma ya kompyuta ni vigumu kupata kitu kilichosingiziwa zaidi kuliko skrini nyeusi ya seva ya Linux, yaani ile hali ambapo fundi aliyetarajia madirisha na vijipicha vya programu hukutana na kistari kimoja kinachowaka na kuzima, kikimdai jina na nywila bila hata kumkaribisha. Seva ni kompyuta inayozihudumia kompyuta nyingine, na aghalabu hufungiwa chumbani bila skrini, kibodi wala kipanya, ikafikiwa kwa mbali kupitia mtandao. Eneokazi, kwa upande wake, ni ule uwanja wa picha ambamo mtumiaji hubofya badala ya kuandika amri. Kukosekana kwa eneokazi hulalamikiwa kila siku, ilhali kunastahili kutungiwa kasida.

Fadhila yake ya kwanza ni unyofu. Aliyesakinisha Ubuntu Server, toleo la Linux kwa ajili ya seva, kisha akakesha akilitafuta eneokazi hajaibiwa chochote, kwa kuwa toleo hilo huja bila eneokazi tangu mwanzo. Na aliyeliongeza mwenyewe huenda bado hajaiambia systemd, programu inayosimamia uwashaji wa mfumo, kwamba safari iishie katika hali ya picha. Amri ya systemctl get-default humaliza ubishi kwa jibu fupi: ikijibu multi-user.target, yaani hali isiyo na picha, basi seva imetii ilichoagizwa na haina la kuomba radhi. Unyofu huo huzidi katika daftari la matukio la X, mfumo unaochora madirisha, liitwalo Xorg.0.log, ambamo kila kosa hutiwa alama ya EE, na ambamo mtafutaji, akiisha kupekua mistari tele, husoma kwamba hakuna skrini iliyopatikana. Kweli haipo; ni watumishi wangapi wa umma hutoa taarifa sahihi kiasi hicho?

Fadhila ya pili ni kuwanyenyekeza wajuzi. Mfumo wa X, ulioanzishwa mwaka 1984 katika chuo cha MIT nchini Marekani na ambao toleo lake la 11 limedumu tangu 1987, huyaita mambo kinyumenyume: programu inayomiliki skrini ndiyo seva, na ile inayotaka kuchorewa dirisha ndiyo mteja, hata ikiwa inaendeshwa kwenye mashine kubwa iliyo mbali, hivyo fundi aliyejiunga kwa SSH, njia iliyosimbwa ya kuiamuru kompyuta ya mbali, hugundua kuwa seva ya picha ni laptopu iliyo mapajani mwake. Kigezo cha DISPLAY, kinachoieleza programu ichore wapi, kikiwa tupu, programu hugoma kufunguka. Wapo pia wanaoandika nywila sahihi, wakaona skrini ikipepesa kidogo na kuwarudisha palepale pa kuingilia. Hao hubadilisha kiendeshi cha kadi ya picha, hulaani, husakinisha upya, na mwishowe huambiwa na amri ya df kwamba diski imejaa, kwa hiyo faili dogo la .Xauthority, linalotunza kibali cha kutumia skrini, lilikosa nafasi ya kuandikwa. Nani angekumbuka kufagia diski bila adhabu hiyo?

Hata hivyo, hakuna heshima ambayo skrini nyeusi imepewa inayoipita plagi ndogo ya HDMI ya kudanganyia. Kadi ya picha huiuliza skrini sifa zake, nayo skrini hujibu kwa taarifa iitwayo EDID, ambayo sehemu yake ya msingi ni baiti 128. Pasipo skrini hapana jibu, na pasipo jibu kadi nyingi hazichori kitu. Fundi basi hununua plagi isiyo na kioo wala taa, ambayo kazi yake ni kuapa kwamba yenyewe ni skrini, na seva, ikisadiki, huchora eneokazi kamili, saa ya pembeni ikiwemo, ikitumia mamia ya megabaiti za kumbukumbu ambazo hifadhidata ingezihitaji. Ndipo watumiaji huanza kunung'unika kwamba seva imekuwa nzito, na fundi mwingine huitwa aje kuliondoa eneokazi.