Fadhila za Kutu

Washairi wa pwani wamesifu upanga, jahazi, kahawa na hata tambuu, na waandishi wa nathari, ambao husifu kwa nadra kwa kuwa hawana vina vya kuficha uongo wao, wamejitahidi kusifu elimu, adabu na kazi ya mikono. Lakini katika orodha hiyo ndefu ya vitu vilivyopata bahati ya kutajwa kwa wema sijaona hata mahali pamoja ambapo kutu imekumbukwa. Hula jembe la mkulima na jambia la sultani kwa insafu ileile, hutoboa bati la msikiti na bati la kilabu cha pombe bila kuuliza nani ameswali, haipokei rushwa wala haina jamaa, na ujira wake tangu chuma kilipovumbuliwa umekuwa msasa na mafuta ya taa. Dhuluma hii nimekusudia kuipunguza kwa kadiri ya uwezo wangu, na shahidi wangu atakuwa mchezo mmoja wa kompyuta uitwao Far Cry 2, ambamo kutu ilipewa cheo ambacho ni nadra kupewa, na ambacho, kwa msiba wa kizazi hiki, haikuachiwa baada yake.

Mchezo huo ulitolewa mwaka 2008 na kampuni ya Ubisoft, ukiwa umetengenezwa katika karakana yake ya Montreal nchini Kanada chini ya uongozi wa Clint Hocking, juu ya mtambo wa programu walioupa jina la Dunia. Ni wa jamii ile ya michezo ya kupiga risasi ambayo mchezaji haoni mwili wake bali mikono yake miwili na silaha iliyomo, naye huachiwa nchi nzima, kilomita za mraba 50 kwa hesabu ya wenyewe waliouuza, aende atakako kwa gari, kwa mashua au kwa miguu. Nchi hiyo haina jina. Twaambiwa tu kwamba imo katikati ya Afrika, kwamba serikali yake imeanguka, na kwamba makundi mawili, UFLL na APR, yanagombea mabaki yake kwa silaha ambazo zote zimetoka kwa mfanyabiashara mmoja mwenye lakabu ya Mbweha. Mchezaji ni askari wa kukodiwa aliyetumwa kumwua Mbweha, na kabla hajafyatua risasi hata moja amekwisha kuangushwa na malaria, yu kitandani hotelini katika mji wa Pala, na Mbweha mwenyewe amesimama kando yake akimsomea maneno ya mwanafalsafa Nietzsche, jambo ambalo kwa mtu mwenye homa ni ukatili uliopita risasi.

Sasa nije kwenye kutu. Katika michezo mingi ya jamii hii bunduki ni kiumbe kisichokufa: mchezaji huivusha mtoni, huiburuta matopeni, huipigia risasi elfu, na ile ya elfu hutoka kwa usafi uleule wa ile ya kwanza, wala hasikii mafuta yakitajwa, wala kitambaa, wala fundi, hata akaingiwa na takaburi ya kudhani kwamba ushujaa uko mikononi mwake. Far Cry 2 ilimletea tabibu wa maradhi hayo. Humo chuma huchakaa kwa kutumiwa. Weusi wake hupauka, madoa ya hudhurungi hujitokeza, hukua, hukutana, na saa isiyotangazwa, katikati ya mapigano, kifyatulio huvutwa na kisisikike kitu ila mlio mkavu. Mikono iliyo mbele ya macho huanza kuhangaika, ikigonga na kuvuta, na adui, ambaye hakufundishwa adabu ya kungoja, huendelea na kazi yake. Mchezaji akizidharau ishara hizo kwa muda mrefu, silaha humpasukia mikononi.

Nionyesheni basi mtumishi gani mwingine ambaye kabla ya kumwangusha bwana wake humwonyesha uso wake siku nyingi mbele, hadharani, pale pale anapotazama. Kikulacho ki nguoni mwako, wamesema wazee, lakini hiki hakijifichi nguoni. Tena bunduki zilizoliwa zaidi kuliko zote ni zile ambazo mchezaji huziokota kwa maadui aliowaua, na kwa njia hiyo kutu, pasipo kadhi wala gereza, imekataza kuwavua maiti; mwenye tamaa huiokota, huibeba kwa furaha, na hukumu humfikia kabla ya kona ya pili. Hata elimu inayo sehemu yake. Duka la silaha huuza kwa almasi, ambayo ndiyo fedha ya nchi ile, kijitabu cha maelekezo, na mtu akisha kukinunua, bunduki zake za aina ile hukawia kuchakaa, ingawa mchezo haumwonyeshi hata mara moja akifungua ukurasa. Nawafahamu watu wengi wenye makabati ya vitabu ambao wangefurahi sana kuishi katika nchi yenye kanuni hiyo.

Lakini fadhila iliyo kubwa kuliko hizo, na ambayo wanaoinung'unikia kutu hawakuipima, ni kwamba kutu ndiyo mtunzi wa visa vyote vya mchezo huu. Mtu ambaye silaha yake haikwami huingia kambini, huua waliomo, hutoka, na jioni hana la kumhadithia mtu. Mtazame sasa yule ambaye bunduki yake imekataa. Hurusha chupa ya petroli kwa kutapatapa; nyasi kavu hushika moto, na moto katika mchezo huu si pambo, kwa maana hutembea kwa kufuata upepo na kupanda miti; upepo hugeuka; aliyeuwasha huwa ndiye anayekimbizwa, akishuka genge kuelekea mtoni huku nguo zinafuka moshi, na huko mtoni husimama akichomoa risasi mwilini mwake kwa koleo. Waandishi wa michezo hulipwa mishahara mikubwa kutunga mikasa kama hiyo, na mingi hutokea mara moja tu, pale walipopanga, kwa kila mchezaji sawasawa. Kutu hutunga bure na haijirudii.

Hata urafiki umetokana nayo. Mchezaji akianguka kwa kukwamiwa, yuko sahibu mmoja miongoni mwa askari wenzake wa kukodiwa ambaye hutokea katika moshi, humburuta kando, humwinua na kumpa bastola, na tangu hapo hupigana ubavuni mwake. Siku moja huyo sahibu naye hulala chini na jeraha lisilopona kwa sindano ya kwanza, akiomba ya pili, kisha ya tatu, na mchezaji huachiwa aamue kwa mkono wake mwenyewe kama atampa dawa mpaka maumivu yaishe na uhai nao uishe, au atamwacha aondoke zake. Katika michezo ya bunduki niliyoiona sikumbuki mahali pengine ambapo kidole kilikuwa kizito namna hiyo, na asili ya yote ni chuma kilichochakaa.

Mtawala mwadilifu hana budi kuwa na mawaziri, na kutu anao wawili. Wa kwanza ni askari wa lindo. Njia kuu za nchi ile, karibu kila njia panda, zina malindo ya mabati na magunia ya mchanga, na katika kila lindo wamo watu wachache ambao, wamwonapo mchezaji, humpiga risasi bila salamu, na wasipomwua humfuata kwa gari lenye mwendo wa ajabu na kumgonga kwa nyuma. Mchezaji huwaua wote, huchukua risasi zao, hufungua boneti ya gari lake lililotobolewa kila upande, hulitengeneza kwa kuzungusha nati moja kwa spana (ufundi ambao kila gereji ya Kariakoo ingeuonea wivu), kisha huenda zake. Na arudipo punde kwa njia ileile huwakuta wamesimama palepale, wazima, na bidii haikupungua. Watu wameutukana sana uaminifu huu. Mimi nauliza ni idara gani, ni wizara gani, ni kampuni gani hapa petu inayoweza kujisifu kwamba mtumishi wake hata kifo hakimfanyi akose zamu. Mshahara hawapati, likizo hawaijui, na wakati mwingi mchezaji wanayemshambulia ni mtu aliyetumwa na wakubwa wao wenyewe. Jambo hili hutolewa udhuru mmoja tu, kwamba kazi yake ni ya siri, nao, kwa heshima ya siri hiyo, hulazimika kumwua.

Waziri wa pili ni mbu. Kila baada ya muda macho ya mchezaji huingia ukungu wa manjano, hujikongoja, hutafuta kidonge, hukimeza, naye papo hapo huwa mzima na tayari kwa vita. Sisi tuliokulia katika ufalme wa mbu, tunaojua baridi ya saa sita mchana chini ya blanketi mbili, uchungu wa kwinini ulimini na siku nyingi za kuona chakula kama kinyesi cha kuku, tunacheka kwa ndani tuonapo homa yenye haraka hivyo ya kupona, na laiti mtengenezaji mmoja angelala nayo siku tatu tu, mchezo ungekuwa mrefu kuliko unavyosemwa. Hata hivyo mbu ana kazi yake ya utukufu. Vidonge vinapokwisha, askari huyu mwenye mizinga na almasi hana pa kuvipata ila kwa raia waliojificha, ambao atawapata kwa kuwapelekea hati za kusafiria ili waikimbie nchi, na huo ni miongoni mwa nyakati chache katika mchezo wote ambapo hulazimika kumfaa mtu asiye na bunduki.

Na hapo naomba niweke kalamu ya sifa chini kwa muda, maana raia hao ni wachache kupita kiasi. Mtu aweza kuzunguka siku nzima katika nchi ile, mbugani penye pundamilia, jangwani, kando ya ziwa, asikutane na mama anayeuza ndizi, wala mtoto anayechunga mbuzi, wala mzee aliyeketi kibarazani. Karibu wote anaoonana nao ni wanaume wenye silaha, na sijui wanalishwa na nani. Nao mashujaa ambao mchezaji huchagua mmoja wao avae sura yake, hata mmoja hakuzaliwa nchi hiyo. Waliotengeneza walichora majani, vumbi na mwanga wa alasiri kwa ustadi ambao mtu wa Dodoma au Tsavo atauthibitisha kwa kichwa, kisha wakawasahau wenyeji. Kutu haina lawama katika hili. Yenyewe huhitaji chuma, hewa na unyevu, na hivyo vitatu walivileta kwa wingi.

Mwaka 2012 ulitoka mchezo uliofuata, Far Cry 3, uliopelekwa visiwani kati ya bahari ya Hindi na ya Pasifiki, na watengenezaji, wakiisha kuyasikiliza manung'uniko ya watu, waliifukuza kutu. Bunduki zilirudi kuwa za milele, mbu alipumzishwa, na lindo lililotekwa lilibaki limetekwa, bendera ikabadilishwa, njia zikawa salama. Watu waliufurahia sana, nami sikatai kwamba ni mchezo mwepesi kuucheza na wenye rangi nzuri. Ila mchezaji wake huendesha gari katika kisiwa ambacho kila saa kinapungukiwa na maadui, na hatimaye hubaki mfalme wa mahali pasipo na lolote la kumzuia, akiwinda wanyama apate ngozi ya kushonea pochi. Mchezaji wa Far Cry 2 hakuachiwa ufalme huo. Alipewa nchi ambayo mgeni mwenye bunduki, kwa risasi zote alizozipiga, hakupata kuibadilisha hata njia panda moja, nami sijaona mchezo mwingine uliosema jambo hilo kwa ukaidi wa namna hiyo, tena bila kumpandisha mhubiri jukwaani.

Imebaki dosari moja, na msifu mwaminifu haifichi. Mwenye duka la silaha, ukisha kumlipa almasi zake mara moja kwa bunduki ya aina fulani, hukuruhusu kuingia ghalani kwake na kuchukua nyingine mpya, na nyingine, na nyingine, siku zote, bila malipo, na zote zimeng'aa ukutani hata doa moja hazina. Biashara hiyo siifahamu, na inanitia shaka juu ya vyanzo vya mtaji wake. Lakini linaloniuma zaidi ni kwamba kutu, yenye kuingia kila mahali, imezuiwa mlango wa ghala lile. Kwa hiyo nawaombea waheshimiwa wa Montreal, ikiwa siku moja watairudisha kazini kama haki inavyodai, waipe ruhusa ya kuingia ghalani humo, na ikitoka hapo waipitishe katika yale magari yanayomfuata mtu nyuma kutoka lindoni, ianze na ekseli. Ikiwa kuyaingia yote kwa pamoja ni kazi nzito kwao, basi na iyaingie moja moja, kwa zamu, wakati mimi bado nagongagonga bunduki yangu.