Upanga, Ngao na Bili ya Umeme

Watoto wa siku hizi wakimchora Mario, yule fundi bomba wa gemu za Nintendo, wanampiga picha na kumrusha mtandaoni kabla rangi haijakauka. Sisi tuliokulia Houston miaka ya 1990 tulimchora juu ya bahasha, tukabandika stempu, tukamwachia Mungu na posta.

Waliotutia wazimu huo ni watu wa jarida la Nintendo Power. Lilianza mwaka 1988, Mario wa udongo akiwa jaladani, na kwenye kurasa za barua walichapisha bahasha zilizopambwa na wasomaji. Toleo la mwisho, Desemba 2012, lilimrudisha Mario wa udongo jaladani, nami mtu mzima na ndevu zangu nikajikuta nasikitika. Maana barua yenyewe ilikuwa kisingizio tu. Ndani unaandika mistari miwili ya salamu. Nje unamaliza wikiendi nzima.

Na bahasha ni kiwanja kibaya cha kuchorea. Ukichora mgongoni, kalamu inaruka kwenye mkunjo na shujaa anapata kovu ambalo hakuzaliwa nalo. Ukichora mbele, kona ya juu kulia ni ya stempu na mhuri, chini kulia mashine za posta zinapiga vijistari vyao, na katikati lazima iingie anwani ya Redmond, Washington. Shujaa anabaki amejibana kushoto, upanga hauna pa kunyooka. Mimi nikapata dawa: nikamchora Link, shujaa wa gemu za The Legend of Zelda, nikampa ngao kubwa iliyo tupu, anwani nije kuiandika humo.

Nywele nilizipaka waridi. Ndiyo, waridi: kwenye A Link to the Past, ile ya Zelda iliyotufikia Marekani 1992, ukimtazama vizuri kwenye skrini ndivyo zilivyo. Baba akapita, akashusha miwani.

“Huyu Zelda katoka saluni?”

Nikamweleza tena kwamba Zelda ni binti mfalme, huyu ni Link, ndiye anayemwokoa.

“Sasa mbona gemu wameipa jina la anayeokolewa, na mwenye kazi hatajwi?”

Swali hilo sijalipatia jibu mpaka leo.

Nikaiacha mezani ikauke, nikaenda kuoga. Mama alikuwa na bili ya umeme ya kulipwa siku ile ile, na nyumba nzima haikuwa na bahasha nyingine. Akaiona hii, stempu imeshabandikwa. Akatia cheki, akafunga, kisha kwa ule mwandiko wake wa shule ya masista akaandika anwani ya kampuni ya umeme katikati kabisa ya ngao. Nilipotoka bafuni, Link alikuwa ameshachukuliwa na mtu wa posta.

Nililia mpaka kwikwi. Mama hakuelewa kabisa.

“Si ulitaka watu waione? Kwani hao wa umeme hawana macho?”

Mwezi uliofuata alinijia chumbani na bahasha mpya nyeupe. “Mwanangu, hii ni bili ya maji. Nichoree yule fundi bomba.”