Heko, Mwongozo Mkimya

Wengine husifia mama, mito na pilau. Mimi leo nasifia sentensi moja. Imo katika maelezo mafupi ya amri ya `date` ya GNU, nayo inakiri kwamba namna za kuandika tarehe zina mambo mengi mno kuelezwa hapo. Mwenye haja aende kwenye mwongozo mkubwa. Fundi cherehani akikujibu hivyo kuhusu suti yako, utadai kitambaa chako uondoke. Kwenye programu huria tunaitikia na kushukuru.

Na huyo ni msemaji. Bingwa wa ukimya ni mwongozo wa `git log`: kwenye `--since` unasema tu kwamba utaonyeshwa mabadiliko ya baada ya tarehe fulani. Tarehe iandikweje? Hilo ni kati yako na Mola wako. Basi nikaandika `--since=jana`. Git haimfukuzi mgeni: neno isilolijua hapa hulichukua kuwa sasa hivi. Ikatafuta kilichofanyika tangu sekunde ile ile, ikarudi mikono mitupu, bila kosa wala onyo. Kwa dakika kadhaa niliamini timu nzima imelala tangu jana. `date -d jana`, kwa upande wake, ilinikatalia papo hapo kwamba tarehe si sahihi. Utovu wa adabu ulioje!

Ukimya huu pia ni shule. Bila huo nisingefungua msimbo wa Git nikakuta inalijua neno "tea", yaani chai, na kwamba maana yake ni saa kumi na moja jioni. Sisi wa chai ya saa nne asubuhi tuvumilie. Nisingegundua kwamba 3/4/2025, ambayo karani wetu ameiandika kwa maana ya tarehe 3 Aprili, `date` huisoma Kimarekani: tarehe 4 Machi. Wala nisingeona kwamba ukiongeza mwezi mmoja kwenye 2025-01-31 unatua 2025-03-03, Februari imerukwa kama dimbwi. Mwongozo mkubwa unaujua mtego huo, na unashauri uhesabu kuanzia tarehe 15 ya mwezi. Ushauri wenyewe umewekwa mahali sukari inapowekwa kwenye nyumba yenye watoto: juu kabisa ya kabati.

Wapo wasio na shukrani. Wanataka mstari mmoja tu: andika mwaka, mwezi, siku, mfano 2025-04-03, na tusichokielewa tutakikataa. Mstari mmoja! Na zile jioni tunazokesha tukibahatisha tutazifanyia nini? Si tutaanza kulala mapema kama watu wengine?

Mimi nimeshachagua upande. Nina programu yangu ndogo ya kukumbusha michango ya kikundi, na maelezo yake yote ni haya: `--siku TAREHE`. Juzi mdogo wangu, mtumiaji wake wa pekee, aliinua kichwa kutoka kwenye kompyuta.

"Kaka, hapa nikiandika mtondogoo itaelewa?"

Nilitaka kumjibu, kisha nikawakumbuka walimu wangu. Nikanyamaza.