Maadamu Linatembea

Shemeji yangu hupeleka gari gereji likiwa zima. Ndiyo, zima: linawaka, halivuji, halilii, naye Jumamosi asubuhi analipeleka kwa watu wenye spana walifungue. Kila kilomita 5,000 anamwaga oili ambayo mimi ningeitumia hadi Pasaka nyingine. Anabadilisha filta ambayo haijaziba. Ana daftari, na humo ameandika tarehe, kilomita na kilichobadilishwa, kwa mwandiko nadhifu kama wa kadi ya chanjo ya mtoto. Nimemsikitikia kwa miaka mingi. Leo nataka kuandika sifa za njia iliyo kinyume na yake, njia wanayoifuata walio wengi lakini haijapata mtetezi, kwa sababu watetezi wake kwa kawaida wako barabarani wanasukuma.

Imani yetu ina neno moja tu: linatembea. Mwambie mwenye gari kwamba boljointi ya kushoto inagonga, atakujibu, "Lakini linatembea." Shokapu zimekufa? Linatembea. Linatoa moshi wa bluu kama jiko la mkaa mbichi? Si linatembea! Hoja hiyo haipingiki, maana anayeitoa yumo ndani na gari linakwenda. Siku itakapopingika hapatakuwa na mjadala tena, patakuwa na kamba.

Tuanze na haki. Kipuri kimezaliwa kifanye kazi mpaka kife, na kukitoa kikiwa hai ni kukidhulumu. Brekipedi ikitolewa imebaki na milimita tatu, hizo milimita tatu ni za nani? Nilizilipia mimi. Watengenezaji, ambao hawakosi la kusema, wamefunga kibati kidogo kwenye pedi nyingi, ili nyama ikikaribia kwisha kibati kiguse diski kipige kelele. Waoga husikia onyo. Sisi tunajua kwamba habari mbaya ikiletwa kabla ya wakati wake ni umbeya, na tena magari yetu yana redio. Ukivumilia wiki chache, mlio ule mwembamba huisha wenyewe. Unakuja mngurumo mzito zaidi, wa chuma kusaga chuma, na hapo unanunua pedi na diski kwa mkupuo mmoja. Shemeji, kwa haraka yake ya kubadilisha pedi peke yake, hajui hata diski za gari lake zinauzwa shilingi ngapi. Kuna elimu anaikosa.

Kwenye maji ya rejeta ndipo busara yetu inapong'aa. Kulanti inauzwa, maji ya bomba yapo nyumbani, kwa hiyo tunatia maji. Wataalamu watasema kulanti huzuia kutu na huchelewa kuchemka kuliko maji matupu. Sawa, lakini rangi ya kahawia inayotoka kwenye rejeta langu ina uzuri wake, kama chai ya maziwa. Halafu kuna themostati, kile kivalvu kinachoyazuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate joto la nyuzi 80 na kitu. Fundi wangu alikichomoa siku ya kwanza tuliyofahamiana, akanionyesha kama daktari anayeonyesha jino bovu. "Hiki ni cha nchi za baridi, bosi." Nikamwamini mara moja. Kwamba injini imeundwa ifanye kazi ikiwa na joto hilohilo hata Dar es Salaam, na kwamba ikikaa chini ya hapo hunywa mafuta na kujisaga zaidi, ni maneno ya kwenye vitabu, na fundi wangu hana muda wa vitabu.

Mimi ninao kidogo, na nimegundua kwamba hata wasomi wako upande wetu. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, mwanabiolojia Conrad Waddington alikuwa miongoni mwa wanasayansi waliolisaidia jeshi la anga la Uingereza kuwinda nyambizi za Wajerumani. Ndege zao zilikaguliwa kila baada ya saa 50 za kuruka. Waliposoma kumbukumbu za matengenezo walikuta hitilafu zinapanda mara tu baada ya ukaguzi, kisha zinapungua taratibu mpaka ukaguzi unaofuata. Yaani mafundi, kwa kufungua visivyohitaji kufunguliwa, walikuwa wakiziharibu. Mwaka 1978 Stanley Nowlan na Howard Heap, wa shirika la ndege la United, wakatoa ripoti kwa wizara ya ulinzi ya Marekani. Katika vipuri vya ndege walivyovichunguza, asilimia 11 tu ndivyo vilivyoonyesha dalili za kuchakaa kadiri umri unavyosonga. Asilimia 89 havikuwa na sababu ya kutolewa kwa kuangalia tarehe.

Nilimpelekea shemeji habari hizi nikiwa nimevimba kichwa. Akaniuliza ndege ile ya Liberator, mojawapo ya zile za kuwinda nyambizi, ilikuwa na injini ngapi. Nne, nikasema. Akauliza Prado langu lina ngapi. Halafu, kwa ule upole wake unaoudhi, akasema kwamba watu hao hao wa ripoti walifundisha kubadilisha mapema kile kinachochakaa kwa umri na kikifa kinaua, na kuacha kife chenyewe kile ambacho kifo chake hakimdhuru mtu, kama balbu ya kusomea kitabu. "Tairi si balbu, shemeji." Ndiyo hasara ya kujadiliana na mtu anayesoma hadi ukurasa wa mwisho.

Tena shemeji hatambui ni wapi tulipoutoa utajiri wetu. Gari la mtumba kutoka Japani limekulia mikononi mwa watu wa aina yake. Kule kuna ukaguzi wa lazima unaoitwa shaken: gari dogo jipya la mtu binafsi hukaguliwa baada ya miaka mitatu, kisha kila miaka miwili, na asiyepita haruhusiwi barabarani. Kwa hiyo kuna mzee fulani, tuseme wa Nagoya, aliyemwaga oili kwa tarehe, akabadilisha mipira kabla haijapasuka, akalipia hadi kibandiko cha kioo. Akachoka, akaliuza, likapanda meli. Sisi tunalipokea bandarini tukasema, "Toyota haifi!" Kumbe tunatembelea Jumamosi za yule mzee. Mimi nimetumia za kwangu zote kulala, na bado gari limenipeleka kazini miaka saba. Nani mwerevu hapo?

Lakini faida kubwa ya njia yetu ni safari. Shemeji ameenda Iringa mara nyingi, naye huieleza kama mtu aliyelala njia nzima: tuliondoka, tukafika. Mimi naijua barabara ile kwa majina ya vipuri. Chalinze ni altaneta. Morogoro, karibu na mzunguko wa Msamvu, ni klachi, na mama mmoja muuza ndizi choma bado hunipungia mkono. Na Mikumi, ee Mikumi, ni mpira wa rejeta.

Mpira ule fundi alikuwa ameuminya kwa vidole wiki mbili kabla, akasema umelainika. Nikamjibu, "Ukipasuka tutabadilisha." Ulikuwa karibu, ukanisikia. Ukachagua kupasuka saa kumi na moja jioni, katikati ya ile sehemu ambapo barabara kuu inakata hifadhi ya taifa kwa kilomita 50 hivi, penye vibao vya kukuonya usishuke. Mvuke ulipanda kama wa sufuria la pilau. Watalii hulipa fedha za kigeni wawatazame tembo. Sisi walitutazama bure, watano na mtoto wao, kwa muda mrefu kuliko nilivyopenda. Mke wangu hakusema neno. Nimeoa miaka kumi na minne, na kimya kile sijakisikia tena.

Aliyetuokoa ni dereva wa lori lililokuwa linakwenda Tunduma. Alikata matawi akayapanga barabarani nyuma yetu, yale matawi ambayo kila Mtanzania anayasoma kutoka mbali kuliko pembetatu ya sheria. Akachana tyubu kuukuu kwa kisu, akauzungushia mpira ule ukanda kwa ukanda, akaukaza kwa waya, akatupa dumu la maji yake. Hakutaka hela. Niambieni, shemeji na daftari lake watakutana lini na mtu wa namna hiyo? Hawezi kuujua wema wa Watanzania mtu ambaye gari lake halizimiki.

Ni kweli kwamba mwezi uliofuata silinda hedi ilipasuka. Injini ya 1KZ ikichemka hedi yake haina subira kama ya mwenye gari. Nilizunguka Kariakoo na Gerezani siku tatu nikitafuta ya mtumba. Niliyolipa sitaitaja hapa kwa sababu mke wangu husoma gazeti, ila ingetosha kununua mipira ya rejeta hadi wajukuu wangu wazeeke. Lakini nilizijua gereji kumi na moja, na vijana wa huko sasa huniita mzee wa hedi. Heshima hainunuliwi kwa bei ndogo.

Sasa kwenye dashibodi ya Prado hilo kuna taa iliyoandikwa T-BELT. Huwaka kila kilomita 100,000 kukumbusha kwamba taimingi belti imetimiza umri wake. Fundi wa kwanza alinifafanulia: hiyo ndiyo inayoziambia valvu lini zishuke na lini zipande. Ikikatika, valvu husimama zilipo huku pistoni zinaendelea kupanda, na katika injini ya dizeli nafasi kati yao ni ndogo mno, hivyo hukutana. Akataka tubadilishe siku ileile. Fundi wa pili aliniuliza kama nina haraka. Nikasema sina. Akabonyeza kitufe kwenye dashibodi, taa ikazimika. Huyo ndiye fundi.

Ijumaa tunakwenda Iringa, na safari hii ninataka kuupanda mlima wa Kitonga mchana, tuone mandhari. Mke wangu na watoto wameomba wapande gari la shemeji, ambaye naye anakwenda. Amesema mimi nitangulie, yeye atanifuata kwa nyuma. Amenunua kamba mpya ya kuvutia gari, ingawa ya zamani haijakatika.