Bibi Spika na Namba 102

Ndugu yangu unayeishi na mke, mama mkwe na shemeji chini ya bati moja, vuta kiti. Wewe utanielewa.

Mama mkwe tunamwita Bibi Spika, si mbele yake. Chumba chake kiko uani. Akitaka chai, Tabata nzima inajua. Nikaona dawa ni simu za ndani: jikoni 101, uani 102, dukani 103. Mtambo wa simu wa kununua sikuuweza, nikaamua kutumia Asterisk, programu ya bure aliyoianzisha Mmarekani Mark Spencer mwaka 1999, naye alipoona bei ya mtambo wa simu wa ofisini inamshinda. Huyo ni mwenzangu kabisa.

Vita ikaja kwenye mfumo endeshi wa kompyuta ya kuiendeshea. Shemeji yangu Profesa, aliyekuja kwa wiki mbili na sasa ana mwaka wa tatu, akaleta flashi yenye CentOS 7. Kila kitu kimo, anasema, unabofya tu. Nikamwambia CentOS 7 iliachwa kuhudumiwa tangu Juni 30, 2024. Matundu yake hayazibwi tena, na wezi wa simu za intaneti hugonga mlango namba 5060 usiku kucha. Akanuna siku mbili, ila kula alikula.

Nikaweka Debian 12 kavu, bila madirisha ya kubofya, maana kompyuta yenyewe ina RAM ya giga 2 tu. Kioo kikabaki cheusi, kijistari kimoja kinapepesa. Mke wangu akapita na beseni la nguo.

“Baba Neema, umeiua?”

“Inafikiri.”

“Haya. Mmekutana.”

Saa nne usiku Asterisk ikawa tayari, nikapiga 102. “HALOO! NANI?” Sauti ikanifikia mara mbili: kwanza dirishani, halafu kwenye simu.

Jumapili asubuhi, simu zote kimya. Nikapekua mafaili nusu saa nzima, mwisho nikafuata waya. Plagi imechomolewa, pasi imechomekwa palepale, na shati linalonyooshwa ni langu la kanisani. Ungesema nini?

Nikawasha upya. Uani kukanguruma: “NEEMA! CHAI!”

“Abee, bibi!” ikajibu sauti kutoka dukani.

Chai ilifika kabla Debian haijamaliza kuamka.